Malalamiko Dhidi ya Mbuzi Watatu Waliokufa Nje ya Mpango

Mtaa wa Kiwandani,
Ng'wabuluba, Simiyu.
18 Novemba 2024

Ndugu Mhariri,

Mwangaluka. Naandika nikiwa mzima wa afya, ila nina aibu. Aibu hiyo imeletwa na mbuzi watatu wa jirani yangu Mboje, ambao mwezi uliopita walikufa kwenye eneo ambalo ofisi yetu ya mipango miji ilikwisha kulithibitisha kuwa ni salama. Naomba nafasi gazetini mwako niwalaumu, kwa kuwa hakuna mwingine aliye tayari kulaumiwa.

Kwa asiyefika kwetu: hapa palikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba, kikafungwa mwaka 1998. Mimi nilikuwa karani wa ghala lake la dawa, zile za kuulia wadudu tulizowagawia wakulima, kwa miaka kumi na mmoja. Wengi wananiita Mayu, yaani Mama, Nyamizi. Tangu mashine zing'olewe, uwanja ulibaki wa magugu na mifugo, mpaka mwaka huu ofisi ilipoamua zijengwe nyumba sitini na nne. Nyumba sizikatai. Walimu na manesi wanaoletwa huku wanapanga vyumba vinavyovuja. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mwezi wa nne tuliitwa kikaoni. Afisa mipango, Bwana Damas, kijana mtaratibu aliyehamishiwa kwetu kutoka Songea, alibandika mchoro ukutani. Nikasimama nikaeleza kwamba nyuma ya ghala kumefukiwa mapipa ya dawa, na kwamba niliyaona kwa macho yangu yakifukiwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka kidole kwenye mchoro, akasema, "Mama, hapa ni kijani. Ni uwanja wa watoto kuchezea." Nikatazama, na kweli palikuwa kijani. Nikakaa. Kwa hiyo lalamiko la kwanza nalielekeza kwa mapipa yenyewe: miaka ishirini na sita yamelala chini, na bado hayajapata habari kwamba yamekuwa bustani.

2. Siku hiyo tuligawiwa soda na karatasi ya mahudhurio. Tulisaini wote, hata Mzee Jilala, aliyekuwa anapita tu akimtafuta ndama wake. Mwezi wa sita karatasi ileile ilirudi na muhuri na kichwa kipya: "Wananchi Walioridhia". Jilala ni wa nne. Amekuja kwangu mara mbili kuniuliza aliridhia nini, na kama ndama naye yumo.

3. Nikachimba udongo wa pale, nikautia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaupeleka ofisini. Binti wa mapokezi, Precious, mwenye adabu sana, alinipa daftari la wageni. Penye sababu ya kuja nikaandika "kuleta udongo". Akasoma, akaingia ndani, akatoka na kunieleza kwamba udongo hupokelewa kwa barua. Nikaandika barua. Nikajibiwa kwamba barua imepokelewa, udongo bado, kwa kuwa hauna kumbukumbu namba. Kopo likakaa dirishani kwao wiki tatu. Nasikia mtu alipanda ua humo, likafa. Nashauri lipewe onyo la maandishi.

4. Ndipo likaja greda. Jumatano lilikwangua nyuma ya ghala, likagonga chuma. Dereva akashuka, akaziba pua, akaondoka nalo. Kesho yake asubuhi mbuzi wa Mboje waliingia wakanywa maji ya njano yaliyotuama kwenye mtaro. Kufika saa sita walikuwa wamelala safu moja, kama waliopangwa na mpima viwanja. Mboje si mtu wa kulia. Alikaa juu ya tofali, kamba tatu mkononi, na mkewe Nyanjige alipomuuliza kama awachune walau wasipotee bure, alisema tu, "Usiguse." Wale walikuwa ada ya shule ya binti yake, Elina, ambaye wiki hiyo hakwenda darasani.

5. Ofisi ilichukua hatua, nisiseme uongo. Mboje aliletewa barua ya kuingiza mifugo eneo la mradi bila kibali. Ni haki kabisa. Mbuzi hao hawakuhudhuria kikao, hawakuusoma mchoro, na mmoja alikuwa na mimba, hivyo idadi kamili ya wavamizi haijulikani hadi leo.

6. Basi, kwa kuwa eneo ni salama, na kwa kuwa marehemu wamekwisha kuonekana na hatia, naomba mambo yafanyike haraka. Nyumba za kwanza, zile zinazozunguka kijani, wapewe wajumbe wa kamati iliyopitisha mchoro. Kisima chao kichimbwe palepale katikati. Watoto wao ndio waufungue uwanja, wacheze bila viatu, wapigwe picha. Na mjumbe atakayekataa kuhamia, kwa sababu yoyote ile, aandikiwe barua kama ya Mboje, maana kuogopa sehemu salama nako ni kuhujumu mradi.

Wasalimie wachapaji wako, wasomaji wa Mkula na Mwandoya, na yeyote atakayefungiwa maandazi kwa ukurasa huu.

Mimi, niliyehudhuria na nisiyeridhia,

Nyamizi Luhaga,
karani mstaafu.

Nyongeza: Barua hii nilikwisha kuitia gundi Damas alipokuja nyumbani, peke yake. Nilimpa kigoda. Hakuzungumzia mbuzi. Alitoa nakala ya taarifa ya kufunga kiwanda, akaniuliza kama mwandiko ule naufahamu. Imeandikwa: "Ghala la dawa limesafishwa. Hakuna mabaki ardhini." Mwandiko ni wangu, na saini ni yangu. Meneja alinisomea, nami nikaandika. Lori la mwisho lilikuwa linanguruma nje, mvua za kupandia zimeanza, kila mtu anataka kuondoka. Nilikuwa nimeisahau, au nilijisahaulisha. Damas akasema taratibu, "Mama, nilipaka kijani kwa sababu ya karatasi hii." Kesho tunakwenda pale, mimi, yeye na Mboje, nikachomeke vigingi kila lilipo pipa, yote kumi na tisa. Mboje hajajua bado kwamba taarifa ile niliiandika mimi. Nitamwambia mwenyewe kabla hatujafika. Barua ichape kama ilivyo, nimeifungua bahasha kwa ajili hii tu. Ukikosa nafasi, punguza huko juu.