Jembe Lililotoka kwa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Julai 1995. Kasulu.
Wiki ya tatu ya ndoa. Maximilla wangu kanimiminia uji huku akicheka, nikasahau kuunywa. Tunalala sebuleni kwa kaka, nyuma ya pazia. Watoto wakipita kwenda chooni wanatuamkia! Lakini nyumba ya marehemu mtwale, chifu wetu wa zamani, inafanywa makumbusho, na mtunzaji atapewa chumba cha nyuma. Kina mlango! Mama Esteri wa kamati anasema atachaguliwa atakayeleta kitu bora cha kale. Tuko wawili: mimi na Pasikali, fundi baiskeli.

Jumatano, 5 Julai.
Pasikali kaleta mkuki wa babu yake. Umeshika kutu vizuri sana. Mimi nikapeleka kinu cha shemeji. Mama Esteri kauliza kama shemeji amemaliza kutwanga. Hajamaliza. Kaja kukichukua mwenyewe. Maximilla kanifariji kwa kunishika kidole kimoja. Kimoja tu! Nimepona.

Alhamisi, 6 Julai.
Nimepata. Jembe la kale la wahunzi, ambalo ukoo wetu uliwapelekea wakwe pamoja na ng'ombe wa mahari. Lilikuwa darini kwa baba mkwe, halilimi chochote. Wenyewe wako shambani. Nikalichukua kwa nia njema, nikapita nalo sokoni begani ili Pasikali alione. Wazee wakasimama kunitazama. Wivu. Nimelikabidhi makumbusho, nimeliandikia kibao: JEMBE LA MAHARI YA MAXIMILLA, UA LA MOYO WANGU.

Ijumaa, 7 Julai.
Shangazi zake wawili wamekuja kumchukua. Wakafunga nguo zake bila ugomvi, wakanishukuru kwa siku nilizomtunza. Nilidhani kuna msiba kwao. Kaka ndiye aliyenieleza, polepole, kama anaongea na mgonjwa: jembe la mahari likirudi mikononi mwa mume, mke karudishwa kwao. Na mimi nimelipitisha sokoni! Pazia linanukia sabuni yake. Sikula.

Jumamosi, 8 Julai.
Nimelirudisha jembe, na mtungi wa pombe ya ndizi juu. Nilipokwenda kulitoa makumbusho, Pasikali alinifungulia mlango kwa heshima iliyozidi. Baba mkwe, mzee Bazilio, kanikalisha kwenye kigoda, kanywa, kasema: "Mkwe, kama mtoto wetu amekushinda, ungesema tu."
Nikasema hajanishinda, nilikuwa natafuta mlango. Nikamweleza habari za pazia. Maximilla, kumbe alikuwa jikoni anasikiliza, akacheka. Akaenda kufunga nguo zake mwenyewe.

Jumapili, 9 Julai.
Yupo! Anachambua maharage, na kila harage naliona zuri. Kamati inaamua kesho jioni. Mkuki bado unaongoza.
Kile kigoda cha jana kina miguu mitatu na kinang'aa kwa uzee. Nimemuuliza Maximilla, kwa upole, kama nacho kilikuwa cha mahari. Anasema hapana. Nimeuliza mara ya pili ili nisikosee tena.
Kesho asubuhi wakwe wote wanakwenda shambani.