Siku Saba za Kutaka Kuelea

Jumatatu, 8 Julai

Tumefika Las Vegas. Nje ni tanuri. Kitasa cha mlango wa teksi kimeniunguza kiganja. Ndani ya hoteli, jioni! Saa tano asubuhi, na humu ndani jua ndiyo kwanza limezama. Dari lote la Kasri la Mwezi limechorwa anga, zambarau inayofifia taratibu kuwa waridi, na mwezi mkubwa kama gurudumu la trekta unatembea juu ya reli. Unachomoza nyuma ya duka la saa, unazama nyuma ya duka la viatu. Dakika ishirini. Kisha unachomoza tena.

Marlys aliweka mkoba chini katikati ya njia, akatazama juu. Watu wakampita huku na huku kama maji yanavyopita jiwe. Mke wangu huyo, miaka thelathini na mitano ya ndoa wiki hii. Sikumbuki lini mara ya mwisho alinitazama mimi namna ile. Sisi wa Fargo, mji wa baridi kule kaskazini, kila kiangazi huenda ziwani, tunakaa kwenye viti vya kukunja, tunapigana na mbu. Mwaka huu nilisema basi. Nilimwambia nitamwonyesha maajabu.

Nilidhani tunakuja wawili. Marlys alidhani watatu. Wa tatu ni Lyle, mdogo wake, muuza boti.

Mapokezini nilikuwa na hotuba. Nilimweleza binti wa pale kuhusu ndoa yetu, mgongo wangu, na miaka niliyokuwa fundi wa kufunga madirisha ya watu katika baridi ya kuvunja meno. Akanipa ua la karatasi. Chumba chetu kinatazama mitambo ya kupoza hewa. Lyle alimuuliza tu yule binti kama viatu vyake vinambana. Chumba chake kinatazama chemchemi!

Lakini nimeona bango. Valerian, mfalme wa mazingaombwe. Kila alasiri huchagua mtu mmoja kati ya watazamaji, humlaza hewani, na mtu huyo huelea juu ya vichwa vya watu elfu moja.

Mtu huyo nitakuwa mimi. Marlys atainua macho.

Jumanne, 9 Julai

Nimefanya uchunguzi. Anayeonyesha watu viti ni mama mmoja mfupi, Ofelia, ana miaka kumi na tisa kazini pale. Nikamuuliza Valerian huchagua vipi. Akaniambia, mzee wangu, huwa hamchagui anayetaka kuchaguliwa. Nikamshukuru. Ushauri wa mtu asiyejua lolote.

Nikanunua jaketi la dhahabu lenye vipande vya kung'aa. Marlys akaniuliza kama nimejiunga na bendi. Nikamwambia asubiri aone.

Saa kumi alasiri tukakaa safu ya pili. Taa zikazimika, moshi wa buluu ukatambaa sakafuni hadi miguuni mwetu, na kwa muda nikasahau nina magoti. Valerian akashuka ngazi, mrefu, mwembamba, mikono kama ya mpiga kinanda. Akaja njia yetu. Akasimama mbele yangu. Nikaketi wima! Nikang'aa!

Akaweka mkono begani kwa Lyle, aliyekuwa amesinzia na bisi mapajani.

Shemeji yangu akaelea. Juu, juu kabisa, tumbo likitazama dari, bisi mbili tatu zikidondoka moja moja kama theluji ya kwanza. Marlys kashika kifua, macho juu, mdomo wazi. Mtazamo ule ule niliouagiza mimi. Umeletwa kwenye anwani nyingine.

Wakati wa chakula Lyle akaniambia, "Shemeji, ni kama kulala juu ya ziwa usiku, maji yana uvuguvugu, na hakuna anayekuhitaji popote."

Siongei naye.

Jumatano, 10 Julai

Leo Hoteli ya Aktiki. Nje nyuzi arobaini na nne, ndani theluji! Kweli kabisa, inadondoka kutoka darini, laini, inayeyuka kabla haijafika begani. Tumeruka kilomita elfu mbili kuja kutazama kitu ninachokiondoa kwa koleo mlangoni kwangu miezi mitano kila mwaka. Na bado nilisimama mkono wazi kama mtoto.

Kulikuwa na onyesho la wacheza densi juu ya barafu. Wakataka mtu wa kusukuma kigari cha malkia. Nikaona fursa. Mazoezi kabla ya Valerian! Mkono juu kabla hawajamaliza sentensi. Wakaniuliza kama nimezoea barafu. Nikacheka. Nikawaambia natoka Dakota ya Kaskazini.

Kigari kilienda vizuri. Mimi ndiye ambaye sikwenda nacho. Nilikaa chini ghafla, na makalio yakaendelea na safari bila kuniuliza. Nikapita mbele ya malkia. Nikapita mbele ya dubu weupe watatu wenye vinanda. Ajabu ni kwamba sikuogopa. Taa zilikuwa za kijani na zilitembea polepole juu yangu, muziki ukawa mbali, nikawaza haya ndiyo maisha, mtu ateleze tu. Kisha nikapasua pazia lililochorwa milima.

Marlys alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Lyle amepiga picha za video.

Jambo moja la kuandika. Tukirudi kwenye kiboti cha mfereji unaopita ndani ya hoteli yetu, muziki ukipigwa taratibu, nilimsikia Marlys akivumisha wimbo chini chini. Yeye alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya yetu ya Kilutheri miaka ishirini na sita. Tangu tumzike mama yake, miaka minne iliyopita, hajaimba hata jikoni. Nikamgeukia. Akanyamaza. Nikamuuliza. Akasema alikuwa anasafisha koo.

Alhamisi, 11 Julai

Nimemwandikia Valerian barua. Heshima nyingi. Nimemweleza kwamba kuelea ni agizo la daktari wa mgongo. Sijasema daktari yupi.

Jibu limekuja saa sita mchana: picha yake yenye sahihi. "Kwa Lyle, mtu mwepesi kuliko wote."

Tumekula chini ya bahari. Ni mkahawa wenye kuta za vioo, maji kila upande, nuru ya buluu iliyokuwa ikicheza juu ya vitambaa vya meza hata mkono wangu mwenyewe nikauona kama wa mtu aliyezama zamani na kusahau. Miguu ya kaa, siagi, mkate. Nguva, wasichana waliovaa mikia ya samaki, walikuwa wakiogelea. Mmoja akashuka pale tulipo, nywele zimetawanyika kama moshi, akaweka kiganja kwenye kioo. Marlys akaweka chake upande huu. Wakakaa hivyo. Sikujua nitazame wapi.

Lyle alipokwenda kuongeza kaa, Marlys akaniambia anataka kesho tukae mahali, mimi na yeye, tusifanye kitu. Nikamwambia bila shaka, baada ya onyesho la Valerian. Akazungusha uma kwenye sahani.

"Wendell," akasema, "tangu tufike sijakuona. Upo, lakini sijakuona."

Maneno mazito. Nimeyawaza alasiri nzima. Maana yake iko wazi kabisa: niko chini mno. Nikielea, ataniona.

Ijumaa, 12 Julai



Mpango ulikuwa huu. Valerian akikataa kunipandisha, nitajipandisha. Chini ya jukwaa lake kuna kijukwaa kidogo kinachopanda na kushuka. Nilikiona siku ya Jumanne, msaidizi wake akichomoza katikati ya moshi kama mkate kwenye kibaniko. Nitachomoza mimi, kwa jaketi la dhahabu. Umati utashangilia. Atafanya nini? Lazima anifanye nielee!

Miaka thelathini nimefunga madirisha na nimejifunza hili: mwenye mkanda wa vifaa haulizwi aendako. Nikamkalisha Marlys kwenye kiti changu cha pembeni mwa njia, kizuri zaidi, nikamwambia naenda msalani. Nikafunga mkanda wangu wa vifaa, nikapita mlango wa wafanyakazi. Mfanyakazi mmoja akanifungulia mlango mwingine. Mwenzake akaniomba nikipata nafasi nitazame dirisha la ofisini kwake.

Chini ya jukwaa, giza. Giza zuri. Mwanga ulipenya kati ya mbao, vidoa vidogo kama nyota, na vumbi likaelea ndani yake. Nikapanda kijukwaa, nikabonyeza kitufe. Kikapanda. Nusu. Jaketi likaingia kwenye mnyororo. Mtambo ukalia kama ng'ombe aliyekanyagwa, ukafa.

Nikawa nimening'inia, kichwa sentimita kumi chini ya sakafu, siwezi kushuka, siwezi kuvua. Juu nikasikia nyayo zikikimbia. Muziki ukakatika. Valerian akawaambia watu kuna hitilafu ndogo, akawaomba subira. Akatania kidogo. Utani ukaisha. Watu wakaanza kukohoa. Nikamsikia akishuka ngazi, akimuuliza mtu kitu kwa sauti ya chini. Kisha nyayo za watu wawili zikapanda, za mmoja nyepesi, zikasimama juu ya kichwa changu hasa. Moja ya nyota zangu ikazimika.

Mwanamke akaanza kuimba.

Bila kinanda. Wimbo wa kale wa kanisani, wa kuvuka maji. Mwanzoni sauti ilikwaruza, kama mlango wa nyumba iliyofungwa muda mrefu. Kisha ikafunguka. Nikadhani ni kanda. Nikadhani wameweka sauti ya mtu mashuhuri kutuliza watu. Nikafumba macho. Nikaona ziwa letu, viti vya kukunja, ukungu unapanda majini asubuhi, na mtu fulani kavaa sweta langu akitembea ukingoni. Nikaanza kulia bila kujua nalia nini.

Kabla ya ubeti wa mwisho yule mwanamke akavuta pumzi. Mara mbili, fupi, kisha ndefu.

Naijua pumzi ile! Nimeisikia miaka ishirini na sita nikiwa safu ya tatu kanisani!

Nikaita jina lake. Nikagonga sakafu kwa ngumi. Baadaye nimeambiwa watu walidhani ni ngoma, na kwamba ilipendeza.

Ofelia ndiye aliyenivuta kwa miguu, jaketi likabaki na mnyororo. Nilipotoka pembeni watu elfu moja walikuwa wamesimama wakipiga makofi, nami sikuona isipokuwa migongo.

Chumbani sikumweleza Marlys lolote, lakini Ofelia alikuwa ameshamweleza. Marlys alikaa kitandani na viatu. Nikamuuliza alipata wapi ujasiri. Akasema Valerian alimwomba mtu wa kiti cha pembeni chochote kile, hata hadithi, na yeye akawaza: mume wangu atarudi sasa hivi kutoka msalani, ataingia na kunikuta naimba.

"Nilikuwa nakitazama kiti chako," akasema. "Wimbo mzima, Wendell. Kiti."

Akazima taa ya upande wake.

Jumamosi, 13 Julai

Niliamka peke yangu. Nikamkuta chini, kwenye benchi mbele ya duka la saa. Sikuwa na hotuba. Nikakaa.

Nikamwambia nilikuwa chini ya miguu yake. Nikamwambia sikumjua kwa sauti, maana sauti imebadilika, imekuwa na kiza kidogo chini yake na ni nzuri zaidi. Nilimjua kwa pumzi. Mbili fupi, moja ndefu. Akageuka. Akanitazama, na sikuwa nimeelea, nilikuwa nimekaa, fulana ina mafuta ya mnyororo.

"Ulikuwa unahesabu pumzi zangu kanisani?" akauliza.

Nikasema kila Jumapili.

"Mjinga wewe," akasema, akalia kidogo, akanishika mkono. Alisema siku ya mazishi alijaribu kumwimbia mama yake na sauti ikagoma, na tangu hapo akaogopa kuigonga tena. Nikataka kusema kitu. Nikanyamaza. Nadhani ni mara yangu ya kwanza.

Tukaona mwezi wa darini ukipita mara tatu. Magharibi haikuisha. Watu wakapita na masanduku, kama ndotoni, hawana sauti. Lyle akatuletea chapati za maji zenye asali kwenye sahani ya karatasi, akaziweka katikati yetu, akaondoka. Nimeanza kuongea naye.

Mchana Valerian akaja mwenyewe. Bila moshi ni mtu wa kawaida, ana mafua. Hakunishtaki. Akamwomba Marlys afungue onyesho la kesho. Marlys akamshukuru, akakataa. Alisema ameimba, imetosha, sasa anataka kuimba kwao.

Nikamwapia mke wangu mbele ya mashahidi, Lyle na Ofelia: hakuna mipango tena. Kamwe. Namaanisha kila neno. Mtu aliyening'inia kwenye mnyororo hubadilika.

Jumapili, 14 Julai

Ndani ya ndege. Mawingu chini yetu, meupe, yamelala. Marlys amelala begani kwangu. Lyle amelala upande wa pili na anakoroma kama boti zake. Mimi nimetulia. Mtu mpya.

Marlys ataimba Jumapili ya kwanza ya Agosti. Amenieleza atasimama tu mahali pake pa zamani, nyuma ya yule mwanakwaya mrefu mwenye miwani, basi. Sawa kabisa. Ni uamuzi wake.

Ila nimewaza. Pale nyuma ya mwenye miwani hataonekana! Watu wa viti vya nyuma watamsikia bila kumwona, jambo ambalo mimi, kuliko binadamu yeyote, najua linavyouma. Huu si mpango. Ni marekebisho madogo ya jengo. Sakafu ya mbele ya kanisa ni ya mbao, chini yake kuna chumba cha tanuri la joto, kimo mita mbili na nusu. Kijukwaa, kapi mbili za kuinulia mzigo, kamba nzuri. Atapanda polepole wakati wa ubeti wa kwanza. Mchungaji hana haja ya kusumbuliwa. Jumamosi huwa anavua samaki, na funguo za kanisa ninazo tangu nilipofunga madirisha.

Nimemnong'oneza Marlys sikioni, kumuuliza kama ana neno la kupinga. Ametabasamu usingizini.

Nimechukulia kwamba amekubali.