Shuka la Kidoti na Seva Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Kidoti wangu amelala kwa saa mbili na nusu mfululizo. Ndani ya maktaba! Alhamdulillahi! Tangu mama mkwe ateguke mguu sina wa kumwachia, na miezi mitano bado ni mdogo mno kwa jirani. Nimemficha chumba cha seva, kwenye beseni, juu ya mto. Mle mashine inayotunza orodha ya vitabu inavuma vuuu kutwa nzima. Mwanangu anadhani bado yumo tumboni.

Mimi hapa nafagia. Mkutubi mkuu hajui. Tunamwita Bi Kimya, humtoa nje hata anayepiga chafya. Fundi wa kompyuta anajua, alimkuta leo. Alimtazama, akapunguza ubaridi wa kiyoyozi, akatoka kwa kunyata. Mungu amzidishie.

Jumanne, tarehe 4
Balaa. Seva imezeeka. Zimeletwa mbili za majaribio, Ijumaa Bi Kimya achague. Mashine zenyewe ni pacha, nyeusi tii. Tofauti ni mfumo endeshi. Nikamuuliza fundi ndio mdudu gani huyo. Akasema ni kama mama mwenye nyumba: ndiye anayegawa kazi na kuamua nani aingie. Mmoja ni wa bure, yeyote ruhusa kufunua chungu, kuonja, kuongeza chumvi. Mwingine wa kulipia: chungu kimefungwa, ila tumbo likiuma yupo wa kumpigia simu. Nikasema mimi nataka wa kufunua. Akacheka.

Muuzaji wa ule wa kulipia amekuja na tai. Kila sentensi ina neno dhamana. Nimembatiza Bwana Dhamana. Anasema mfumo wake ukishinda, chumba kitatiwa kufuli na asiye na cheti haingii. Kidoti hana cheti! Changu cha shule ya msingi panya walishakila kona. Sasa mwanangu alale wapi? Na nisipopata pa kumlaza, kazi nimeiaga.

Jumatano, tarehe 5
Nimepata akili! Fundi kasema seva ikizidiwa na joto hujizima yenyewe, isiungue. Basi nitaifunika ya Bwana Dhamana, izime, aaibike. Lakini ipi ni ipi? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama nyuma ya mashine na tambara langu la kudekia, beseni la Kidoti nimelivuta kando yangu. Fundi alikuwa mbele, akimwonyesha Bi Kimya: ya kushoto ni ya bure, ya kulia ni ya kulipia. Kulia. Kulia. Nimekariri mpaka nyumbani. Mama mkwe kaniuliza kama nina homa.

Alhamisi, tarehe 6
Nimekwisha.

Saa nne nilijibanza nyuma, palepale pa jana, nikaifunika ya mkono wa kulia. Shuka la Kidoti, lile la vifaranga. Ikaanza kuhema kama mwenye pumu. Robo saa, kimya. Nikapiga vigelegele moyoni.

Fundi akaja mbio. Iliyozima ni ya bure! Yeye jana alikuwa mbele, mimi nyuma. Kulia kwangu ni kushoto kwao! Bwana Dhamana akachungulia mlangoni, akasema cha bure hakina mwenyewe.

Na vuuu ilipopungua nusu, Kidoti akaamka. Akalia. Maktaba nzima ikageuka.

Bi Kimya akaingia. Akaliinua shuka kwa vidole viwili, akauliza la nani. Langu. Akatazama beseni. Na huyu? Wangu pia. Akasema kesho, baada ya kikao, niende ofisini kwake. Na mtoto.

Ijumaa, tarehe 7
Nimekwenda na ndala zangu za kazi zikiwa mfukoni, tayari kuaga.

Nimewakuta fundi na Bwana Dhamana bado wamo, fundi akisoma. Kumbe mashine niliyoizima iliandika yote! Saa nne na dakika kumi, joto linapanda. Na dakika ishirini na tano, najizima. Ilipoamka, hakuna kitabu hata kimoja ilichosahau. Bwana Dhamana akasema na yake hufanya vivyo hivyo. Akaonyesha. Kweli.

Bi Kimya amechukua zote mbili! Orodha ya vitabu imekwenda kwenye ya bure, maana fundi anaweza kuitengeneza mwenyewe. Kadi za wasomaji za kuingilia mlangoni zimekwenda kwenye ya kulipia, maana programu ya kuzisoma haikubali mama mwenye nyumba mwingine. Nimepigania nini mimi?

Kisha akanigeukia.

“Mtoto wako ndiye msomaji pekee asiyenipigia kelele wiki nzima,” akasema. “Jana tu. Na jana alikuwa na haki.”

Kufuli litawekwa. Ufunguo nitashika mimi! Nitasoma kipimajoto asubuhi na mchana, niandike daftarini. Bwana Dhamana mwenyewe ataniandikia cheti: msimamizi wa joto. Mimi! Nimelia mpaka fundi akanipa tambara langu la kudekia. Nimeapa mbele yao wote sitafunika tena kitu cha ofisi. Wema wao nitaulipa kwa nini?

Jumatatu, tarehe 10
Seva mbili, vuuu mbili. Kidoti kalala saa tatu! Joto nyuzi ishirini na moja, nimeandika kwa mwandiko mzuri.

Bi Kimya anasema wiki ijayo vinaletwa viyoyozi viwili vya majaribio. Kimoja kinavuma vizuri. Kingine hakitoi sauti kabisa, na ndicho anachokitaka. Hakitoi sauti! Mwanangu atalalaje?

Shuka la vifaranga nimelifua, limekauka, liko kwenye mkoba. Safari hii nitasimama mbele.