Ombi la Kufunga Njia ya Mtoni kwa Ajili ya Heshima ya Baba Mkwe

Kwa Msimamizi wa Hifadhi ya Kando ya Mto, Nyamira.

Bwana Msimamizi,

Mimi ni Ogeto, mkulima wa majani chai karibu na Ikonge, na shamba langu linapakana na hifadhi yako. Kwa heshima zote nakuomba uifunge ile njia ya matembezi. Sababu ni hizi:

1. Watu wanatembea bila kwenda popote. Jumapili niliwaona kama ishirini wakipita mbio, nikavua kofia na kuwauliza nani amefariki. Wakasema wanapunguza uzito. Bwana, anayetaka kupungua na aje anichumie majani chai.

2. Mmeweka kibao, "Usiwasumbue wanyama." Tangu siku hiyo tumbili wamejipandisha cheo. Wanakula ndizi zangu huku wakinitazama usoni. Nimetafuta kibao cha "Usimsumbue Ogeto" kuanzia darajani hadi kwenye maporomoko, sijakiona.

3. Hili ndilo linaloniuma. Phanice, mke wa mwanangu Jasper, amejiunga na hao watembezi. Unajua kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawakaribiani. Wakikutana, mmoja hupisha. Lakini njia yako ina upana wa mbuzi mmoja! Alhamisi tulikutana konani, naye amevaa suruali ya mazoezi. Kushoto kuna kibao, "Usikanyage miche." Kulia kuna mto. Nikatii mila, nikatii sheria, nikaingia mtoni. Fisi maji wawili wakasogea kunipa nafasi. Nina miaka sitini na tisa, na nimeona aibu sana.

4. Kwa hiyo nataka njia tatu: moja ya baba wakwe, moja ya wake wa wana wetu, na moja ya tumbili, ambao kwa sasa wanatumia shamba langu. Ikishindikana, ifunge hiyo moja iliyopo.

Wasalimie walinzi wako, mama watoto, na yeyote aliyeniona Alhamisi. Mwambie nilikuwa naoga.

Wako mtiifu kupita kiasi,
Mzee Ogeto

Tanbihi: Macho yangu hayaoni tena maandishi madogo, na Jasper yuko dukani Keroka, kwa hiyo barua hii ameiandika Phanice. Mahali pekee tulipoweza kukaa kwa umbali unaofaa ni kwenye benchi lenu refu la mtoni: yeye mwisho ule, mimi mwisho huu. Tulipofika sababu ya tatu alicheka hadi kalamu ikamponyoka, nami nikacheka. Miaka minane tumeishi boma moja na sikuwahi kukisikia kicheko chake. Njia iache tu. Ila hilo benchi, Bwana, lisifupishwe.