Kuhamia Kibosho Bila Benki Kujua

Jumamosi, 15 Desemba 2007. Moshi.

Benki imeandika tena. Karatasi safi, muhuri mzuri, maneno ya kishenzi. Eti nyumba yangu ya Pasua, niliyoijenga kwa mkopo wao na kuiweka rehani kwao, haijalipiwa miezi mitatu. Ofisa wao, kijana anayeitwa Primus, atapita nyumbani “kwa mazungumzo”. Mazungumzo! Fisi naye akimfuata mbuzi anataka mazungumzo.

Kosa si langu. Wao wenyewe ndio walionipa kadi ya mkopo. Nikatoa hela kwa kadi, nikalipia nyumba. Yaani benki ilinikopesha hela ya kuilipa benki! Mpango safi kabisa, mpaka kadi nayo ilipoanza kudai. Isitoshe, hapa Moshi duka pekee nililolikuta na mashine ya kadi ni la vifaa vya wapanda mlima, ndiyo maana nina koti la barafu na viatu vya kwenda kileleni. Kileleni sijafika. Juu kabisa nilikowahi kufika ni kwa mama mkwe, tena kwa gari.

Mke wangu Dominika anasema niende benki nikaseme ukweli, kwamba biashara ya vipuri imelala. Masikini. Hajui mambo ya fedha.

Mpango wangu ni huu. Krismasi Wachagga wote wanapanda mlimani na mizigo. Nani atamshangaa mmoja akipanda na kabati? Nyumba nawapangisha Wazungu wa kujitolea, sisi tunahamia kihambani Kibosho, kwenye shamba la ukoo. Primus akija atakutana na Mzungu mlangoni, atadhani amekosea njia. Nimecheka peke yangu mpaka Dominika akaniuliza kama nina homa.

Jumatatu, 17 Desemba

Tumehama. Jirani alisimama uani akahesabu mizigo kwa macho. Akauliza Krismasi gani inahitaji tangi la maji. Nikamjibu kwetu tuna wageni wengi. Na mlango wa choo, je? Nikamwambia hao wageni wana haya. Dominika alijifunika uso kwa khanga.

Juu ya parokia Fuso, lori tulilokodi, iliteleza ikaingia mtaroni. Tope hadi magotini! Sofa ikashushwa barabarani, na wapita njia wakaikalia kama ya kwao. Vijana waliosukuma gari walitaka ujira. Nikatoa kadi. Waliigeuzageuza, mmoja akauliza kama ni ya kupigia kura. Dominika akawalipa kutoka kwenye kodi ya Wazungu, aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Imebaki kiasi gani? Hataki kuniambia. Mimi, baba wa nyumba!

Alhamisi, 20 Desemba. Kibosho.

Leodegar, mdogo wangu, ndiye kitinda mimba, kwa hiyo alirithi nyumba ya wazazi. Sawa, ndiyo desturi. Mimi nina nyumba yangu ndogo pembeni. Jumatatu usiku tulipofika nilifungua mlango. Ndani kuna ng'ombe.

Nilipofoka, Leodegar akasema kwa upole kwamba kaka huja mara moja kwa mwaka, ng'ombe yupo siku zote. Tena ng'ombe anatoa maziwa. Kumhamisha sasa kutampunguzia maziwa, kwa hiyo tumeelewana: ng'ombe abaki sebuleni, sisi tulale chumbani. Umeme haupo. Ndani ya friji Dominika ameweka maharage.

Asubuhi nimemkatia mwenzangu wa sebuleni majani ya migomba nikiwa na koti la barafu. Majirani wanauliza natarajia theluji saa ngapi.

Leodegar ameniambia Jumatano watakuja wageni wa binti yake Yuditha, kuleta mbege ya posa, pombe yetu ya ndizi. Mimi ndiye baba mkubwa, nitakaa mbele na kupokea. Kijana wa wapi? Wa Rombo, ana kazi nzuri mjini. Sikuuliza zaidi. Ng'ombe alikuwa anatafuna shuka letu.

Jumapili, 23 Desemba

Yesu na Maria! Kanisa lilijaa hadi nje. Mbona hakuna aliyenikumbusha kwamba Moshi nzima ikipanda kwa Krismasi, wanaonidai nao wanapanda? Fundi wa sofa alikaa nyuma yangu. Muuza saruji alikuwa anakusanya sadaka, akashika kapu mbele yangu kwa muda mrefu kuliko kwa wengine. Mwenye duka la vifaa vya mlima alitambua koti kabla hajanitambua mimi. Wakati wa kutakiana amani, fundi aliushika mkono wangu hakuuachia. “Amani ya Kristo, ndugu Remigius. Na lini?”

Nilitoka kabla ya baraka ya mwisho. Nimepita shambani kwa mtu, nimeumwa na nyuki.

Faraja yangu ni moja. Primus ni mtu wa Mkuu, Rombo, ng'ambo ile kabisa. Sasa naelewa kwa nini Mungu aliuweka mlima katikati.

Jumatano, 26 Desemba

Posa. Nilivaa suti, nikakaa mbele. Suti ilinuka ng'ombe kidogo, lakini wazee wa Kibosho hawasumbuliwi na hilo. Wajomba wa Rombo wakaingia na pipa la mbege. Nyuma yao bwana harusi mtarajiwa, tai shingoni.

Primus.

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyezinduka kwanza. “Shikamoo, baba mkubwa.” Marahaba yangu ilitoka kama kikohozi.

Halafu akili ikafunguka! Mkwe hawezi kuipiga mnada nyumba ya baba mkubwa wa mkewe. Kilichobaki ni awe mkwe haraka, kabla hajakimbia. Kwetu mbege ya posa ikishanywewa, ujamaa umefungwa. Leodegar alitaka kwanza kuuliza habari za ukoo wao, kama kuna ugomvi, kama kuna ugonjwa. Ugonjwa gani! Nilimpokonya kata, nikanywa yote bila kupumua, nikatangaza kwamba tumepokea. Wazee waliguna. Mjomba mmoja wa Rombo alisema hajawahi kuona ukoo wenye hamu ya ndoa namna hii.

Nikamvuta Primus migombani. Nikamwambia, sasa mwanangu, tuongee kuhusu ile nyumba.

Aliniangalia kwa huruma. Akasema alikwenda Pasua mara mbili na karatasi ya kurefusha mkopo. Deni la kadi lingeingizwa humohumo, malipo ya kila mwezi yangepungua. Ilitakiwa saini yangu tu. Mara ya kwanza alimkuta Mzungu anafua. Mara ya pili Mzungu akamkaribisha chai.

Nikamwambia alete kalamu. Akasema haiwezekani tena, baba mkubwa. Benki hairuhusu mtu kushughulikia mkopo wa ndugu yake. Kabla ya mbege angeweza. Sasa faili linakwenda kwa Mama Elinipendo, mkuu wake, ambaye hajawahi kumhurumia mtu.

Nikauliza kama mbege inarudishwa. Akasema hapana, labda kwa njia ambayo haifai mbele ya wageni.

Nimeogopa, sifichi. Nyumba ile niliisimamia tofali kwa tofali, na Dominika alibeba maji ya zege akiwa mjamzito. Nilikaa sebuleni nikalia kidogo. Ng'ombe alinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji.

Alhamisi, 3 Januari 2008

Jana Dominika alishuka mjini bila kuniaga. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Elinipendo, akafungua pindo la khanga mezani, akasema kila kitu. Wazungu, Fuso, hata ng'ombe! Aibu iliyoje. Mama Elinipendo alicheka mpaka akavua miwani.

Mkopo umerefushwa. Kodi ya Wazungu itakwenda benki moja kwa moja, na sisi tutakaa hukuhuku mpaka deni litulie. Kadi imerudishwa, Dominika aliichomoa kwenye suruali yangu nikiwa nimelala. Nyumba imepona. Leodegar amemkaanga kuku kwa furaha, amempa Dominika firigisi. Mimi nimepewa shingo.

Nimefurahi, lakini njia yenyewe imenisikitisha. Kwenda kwa mtu na kumwambia ukweli! Haina ufundi hata kidogo. Mtoto mdogo angeweza.

Hata hivyo, tukila kuku huyohuyo, Primus, aliyealikwa naye, alitaja jambo. Mama Elinipendo ana kijana wa kiume, mwalimu, hajaoa. Na Leodegar ana binti wa pili.

Nimeshapita kwa mama anayepika mbege, nimeagiza pipa zima. Nitalipa mwisho wa mwezi.