Nani Atakiona?

Jumatatu, 3 Machi

Mama watoto,

Habari kubwa! Jumamosi ibada ya nyumbani ni kwetu. Somo ni kuridhika. Nilifurahi, kisha nikatazama sebule. Viti ni vilevile vya mbao, na chako bado kina ule mto ulioushona kwa pazia la jikoni. Mwezi uliopita tulikuwa kwa mwenye bucha, somo likiwa unyenyekevu. Makochi yake ni makubwa mpaka tuliingia kwa ubavu. Akaniambia nikae kwa raha, mzee mwenzake, anajua kwangu mbao zinauma. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Iliniuma kuliko mbao.

Jumanne

Nimemgusia binti yetu habari za kochi. Tangu ututoke ndiye anayeshika fedha za nyumba, na akikataa ana uso wako kabisa. Akaniuliza yale maswali yako matatu ya kabla ya kununua kitu. Tunakihitaji? Tunakimudu? Nani atakiona? Mawili nilijibu vizuri. La tatu nikakohoa. Akasema fedha zilizopo ni za mabati, paa la sebule linavuja na mvua i karibu. Nikamwambia sawa, mwanangu. Sawa ya mdomoni.

Jumatano

Mpango! Nilimwomba binti fedha za mabati nikanunue mwenyewe, nimpunguzie kazi. Akanipa. Akanishukuru! Nilijisikia vibaya njia nzima mpaka kwa seremala. Kwa seremala nikapona. Kochi la rangi ya maziwa! Akasema nikimpa viti vyote vya zamani atanipunguzia bei. Nikasema chukua vyote. Kisha nikakuona kwenye kiti chako, ukinishonea vifungo na kuimba ubeti uleule, kwa kuwa wa pili hukuujua. Nikasema vyote isipokuwa kimoja. Bei ikapanda.

Alhamisi

Kochi limefika. Binti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza tu, Baba, haya ndiyo mabati? Nikamweleza kwamba mvua iko mikononi mwa Bwana. Akasema fedha nazo zilikuwa mikononi mwa baba. Kochi nimeliacha ndani ya nailoni yake, lisichafuke. Kiti chako nimekisukuma nyuma ya mlango.

Jumamosi

Walikuja wote. Mwenye bucha alisimama mlangoni, akalitazama kochi, akameza mate. Raha iliyoje! Haikudumu. Kila aliyekaa, nailoni ilitoa sauti mbaya. Mke wa mchungaji aliapa mara mbili kwamba si yeye. Mchungaji alipofika katikati ya kuridhika, mvua! Tone la kwanza lilimpata mwenye bucha utosini. Kisha paa likafunguka. Nailoni ikawa beseni, waumini wakateleza wote kuelekea katikati. Pakavu palikuwa nyuma ya mlango tu. Mchungaji akahamia kwenye kiti chako, akamaliza somo, akasema hajawahi kukalia kiti kizuri hivi. Mwenye bucha akasema mzee mwenzake leo ametubatiza upya. Kisha akakimbia kwake, akarudi na turubai, akapanda juu mwenyewe kuliweka, na suti yake ya ibada. Sikujua nimwangalie vipi. Walipoondoka binti alicheka mpaka akalia, halafu akalia tu. Tulikausha sakafu pamoja.

Jumapili

Nimetubu mbele ya binti. Kesho seremala analichukua kochi, kwa hasara yangu, nasi tunanunua mabati. Binti amenikumbatia, ananukia sabuni yako ileile. Nimeapa: sinunui tena kitu cha kuonyesha watu.

Baada ya kanisa nilipita dukani kwa muuza mabati. Kutazama tu. Kuna mekundu! Ya mwenye bucha ni ya kijivu. Bei imezidi kidogo, nikiuza baiskeli itatosha. Maswali yako nimeyajibu yote njiani. Tunayahitaji, hata binti anajua. Tunayamudu, bila baiskeli. Nani atayaona? Wewe, mama watoto! Ukitazama chini utatujua mara moja, nyumba nyekundu peke yake mtaa mzima. Binti nitamwambia yakishapigiliwa.

Ukiiona, unikumbuke.