Dizeli Iliyopumzika

Ombui aliona mali siku lori la mzee Nyangate lilipozimika pale Masimba, limejaa ndizi mpaka juu. Fundi alifungua koki ndogo chini ya filta ya dizeli, maji machafu yakachuruzika, lori likawaka. Wengine wote waliona filta iliyoingia maji. Ombui aliona shamba lisilohitaji jembe.

"Mzee," alisema, akimshika Nyangate bega kama watu wanavyoshikana msibani, "hii dizeli ulinunua lini?"

"Jumapili."

"Basi Jumamosi ilikuwa barabarani. Siku ya Sabato. Wewe uko kanisani umetulia, dizeli yako inarushwarushwa kwenye mashimo. Halafu unashangaa lori likigoma."

Upuuzi mtupu, najua. Lakini Ombui alikuwa na chupa mbili za dizeli, kila moja na maji kidogo ndani. Moja aliitikisa, ikawa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. "Hii imechoka," akasema. Ya pili alikuwa ameiacha itulie tangu asubuhi. Maji yamekaa chini, dizeli inang'aa juu. "Hii imepumzika." Na kwa kuwa ni kweli dizeli ikitulia maji hushuka, uongo ukapata kiti. Wasabato wakauliza bei. Hata Wakatoliki wakauliza bei.

Ombui mwenyewe alikuwa muumini wa Krismasi, na hata siku hiyo alifika wakati wa chakula. Aliuza ng'ombe wawili na friji ya nyumbani, akanunua mapipa manne ya dizeli ya kawaida kabisa kwenye stesheni moja mjini Kisii. Kila alichokuwa nacho duniani sasa kilikuwa ndani ya mapipa hayo, isipokuwa pikapu yake kuukuu na mke, ambaye alidhani friji iko kwa fundi.

Hapo ndipo alipojitokeza Mama Bonareri, mfanyabiashara wa ndizi na shemasi wa kanisa, mwanamke wa sauti ya chini.

"Ndugu Ombui, hiyo dizeli itapumzikia wapi?"

"Kwangu, mama."

"Kwako kuna redio ya mpira. Hapo nani atapumzika? Ilete kwangu Ijumaa kabla jua halijazama. Sabato nzima hakuna atakayeigusa. Watu wakisikia ililala kwa shemasi, utaongeza bei unavyotaka."

Ombui nusura alie kwa furaha. Ghala la bure, ulinzi wa bure, na jina la shemasi juu yake. Ijumaa aliyaviringisha mapipa mpaka kwenye kibanda cha ndizi. Mama Bonareri aliyafunika kwa shuka safi, akawaomba majirani waongee polepole.

Jumamosi asubuhi Ombui alipita kuangalia mali yake. Alizuiliwa langoni.

"Imelala," Mama Bonareri alinong'ona. "Usiiamshe."

Ombui, mwenye mali, akaondoka akinyata. Alipanga kuichukua Jumapili alfajiri.

Sasa wewe nisaidie. Kama Sabato inafunguliwa na jua la Ijumaa likizama, inafungwa na nini? Mtoto yeyote wa pale angemjibu. Ombui hakuuliza.

Jumapili alikuta mapipa yapo, na shuka zipo. Alitumbukiza kijiti, kikatoka kinanuka dizeli.

"Imepumzika vizuri, mama?"

"Sana. Ilikuwa inakoroma."

Alipakia mapipa, akaingiza bomba la mpira mpaka chini kabisa ndani ya pipa moja, akajaza tangi la pikapu yake. Alipoanza kupanda mlima, pikapu ikakohoa, ikazima. Alifungua koki ya filta. Maji. Akangoja yaishe. Hayakuisha. Alifungua mapipa yote: maji, na juu yake dizeli nyembamba kama mafuta kwenye supu ya maskini. Ombui alikaa chini kwenye majani, akawaza ng'ombe na friji.

Lori la Nyangate likapita, likanguruma vizuri, likasimama.

"Ndugu, ulikuwa wapi jana? Jua lilipozama tu, Mama Bonareri alifungua. Foleni ilifika barabarani. Alituuzia bei mara mbili, lakini si ulisema mwenyewe, imepumzika."

Ombui alirudi kwa miguu mpaka langoni.

"Mama, dizeli yangu iko wapi?"

"Si umeondoka nayo?"

"Ni maji."

Mama Bonareri alisikitika kwa dhati. "Basi imepumzika mpaka ikachoka kuwa dizeli."

"Nitaenda polisi."

"Nenda, ndugu yangu. Uwaeleze vizuri ulikuwa unauza nini."

Pikapu ilikuwa mlimani, na mlimani haiwezi kulala. Nyuma ya mama Ombui aliona mtungi mmoja wa plastiki, umejaa.

"Huo unauza?"

"Ni wa mwisho. Umepumzika."

"Sina kitu, mama."

"Una mapipa manne."

Wakakubaliana. Ombui aliubeba mtungi wake kifuani akapanda mlima, taratibu sana, akikwepa kila shimo, asije akautikisa.